Harufu ya maua kwa nzi wa maembe na tikiti, pale mizinga ya nyuki ilipo karibu

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mkulima wa Sikonge, Tabora. Nina miembe kama 30 kwenye ekari moja, nusu ekari ya tikiti maji na nyanya kule bondeni, na mizinga 20 ya nyuki kwenye ukingo wa msitu, mwendo wa dakika tano kutoka shambani. Maembe yanaoza na funza kabla hayajaiva sawasawa, na matikiti yanatobolewa yangali madogo. Nimesoma kwamba harufu za maua zinavuta wadudu waharibifu wakanaswa. Kijana mmoja amenishauri mafuta ya karafuu au ya mchaichai. Je, inafanya kazi? Mtego unatengenezwaje? Na nyuki wangu watasalimika?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Inafanya kazi, na kwa nzi wa maembe ni miongoni mwa njia zenye nguvu kuliko zote tulizo nazo. Lakini karafuu haitakusaidia, na mchaichai utakuitia nyuki wako mwenyewe. Kila harufu ina mdudu wake. Ukikosea harufu, mtego utakaa mtupu msimu mzima, au utajaa wadudu usiowataka. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kumjua anayekuharibia, kisha ndipo tuje kwenye chupa na dawa.

Chukua maembe 5 au 6 yaliyoanguka yenye vidonda. Weka mchanga uliochekechwa, wenye unyevu kidogo, kina cha sentimita 5 kwenye ndoo, laza maembe juu yake, funika kwa kipande cha chandarua na ufunge kwa mpira. Funza wakishiba watatoka kwenye tunda na kuzama mchangani, watageuka pupa za rangi ya kahawia, na baada ya wiki mbili hivi utaona nzi. Waache siku 2 au 3 wakomae rangi ndipo uwatazame. Kama ni mkubwa kuliko nzi wa nyumbani kidogo, kifua cheusi au kahawia chenye mstari wa njano kila upande, mabawa maangavu yenye ukingo mweusi mbele, na alama ya herufi T tumboni, huyo ni Bactrocera dorsalis. Huyu asili yake ni Asia. Alibainika Kenya na Tanzania mwaka 2003 na vitabu vya miaka ile vilimwita Bactrocera invadens. Kama ni mdogo, wa rangi ya njano iliyofifia, mabawa yana mabaka ya kahawia na kifua kina vidoa vyeusi, huyo ni Ceratitis cosyra, nzi wa maembe wa hapa hapa Afrika. Wa kwenye tikiti mara nyingi ana mistari mitatu ya njano kifuani na baka jeusi kwenye ncha ya bawa: Zeugodacus cucurbitae.

Usiruke hatua hii. Kivutio kinachomleta wa kwanza kwa mamia hakimgusi wa pili hata kidogo.

Tuanze na huyo wa kwanza, kwa sababu kwenye maembe ya Tabora ndiye anayetarajiwa zaidi. Harufu yake inaitwa methili yujenoli. Imo kwenye maua ya baadhi ya okidi na kwenye mimea kadhaa ya jamii ya mrehani. Dume akiinusa huifuata mpaka ilipo, huilamba, na mwilini mwake huibadilisha kuwa manukato ya kumwitia jike wakati wa magharibi. Ndiyo maana anaikimbilia kwa pupa vile: dume aliyeilamba hupendwa zaidi na majike. Siri hii iligunduliwa India. Mwaka 1912 mtafiti Howlett aliandika kwamba mafuta ya sitronela, nyasi ya jamii ya mchaichai, yanavuta nzi wa matunda, na wote waliokuja walikuwa madume. Miaka michache baadaye ikajulikana kwamba kinachowavuta ndani ya mafuta yale ni methili yujenoli kidogo iliyomo.

Hapo ndipo utaona kwa nini karafuu haifai. Mafuta ya karafuu yamejaa yujenoli, ambayo kwa jina inafanana na methili yujenoli, lakini pua ya nzi huyu inatofautisha. Kivumbasi cha porini nacho kina yujenoli kwa wingi, na kiasi cha methili yujenoli kwenye mrehani hubadilika kulingana na aina na mahali ilipoota. Ukitaka kujaribu mrehani wa nyumbani, ponda gramu 20 za majani, yafunge kwenye kitambaa, yaweke ndani ya mtego mmoja, na utundike mtego mwingine kama huo usio na kitu umbali wa mita 20. Hesabu baada ya siku 3. Kama idadi hazipishani, mrehani wako hauna kinachotakiwa, na usipoteze msimu nao.

Sasa mtego wenyewe. Tumia chupa ya maji ya lita 1.5 yenye kifuniko. Kwenye theluthi ya juu toboa matundu 4 yanayotazamana, kila moja upana wa sentimita 1 hadi 1.5, kwa msumari uliopashwa moto. Usikate kwa kisu, kingo zinabaki na michirizi na tundu linapanuka. Tundu kubwa kuliko hapo ni kosa linaloonekana sana: nzi anaingia, anazunguka, anatoka. Toboa kifuniko katikati, pitisha waya, upande wa ndani ufunge kivutio kining'inie usawa wa matundu, upande wa nje uwe wa kutundikia. Paka grisi sentimita 10 za waya wa juu ili sisimizi wasishuke kula mizoga, maana mtego uliosafishwa na sisimizi utakudanganya kwamba hakuna nzi.

Kivutio kina namna mbili. Ya kwanza ni pamba iliyosokotwa ukubwa wa kidole gumba, iloweshwe mililita 2 hadi 3 za methili yujenoli, na chini ya chupa weka mililita 250 za maji yenye matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo. Nzi akilewa harufu huanguka majini na sabuni humzuia kuelea. Hii ni salama na rahisi, lakini kwa joto la Oktoba la Tabora maji hukauka upesi, hivyo utayaongeza kila baada ya siku 5 hadi 7. Usiyatie maji mpaka yakaribie matundu, na hakikisha pamba haigusi maji.

Namna ya pili ni kavu, na ndiyo tunayoipendelea kwenye miembe kwa sababu ya ukame huo. Kata plaiwudi laini vipande vya sentimita 5 kwa 5, unene wa sentimita 1.2 hivi. Changanya spiriti sehemu 6, methili yujenoli sehemu 4 na malathioni ya maji, ambayo ni sumu ya kuua wadudu, sehemu 1. Kwa mfano mililita 60, 40 na 10. Tumbukiza vipande kwenye mchanganyiko ndani ya chupa ya kioo yenye mdomo mpana, funika vizuri, acha saa 48 hadi 72, kisha vitoe vikauke kivulini dakika chache na uvitundike ndani ya chupa zako za mtego. Nzi hulamba ubao na kufa humo humo bila maji. Toboa vitundu vidogo 3 au 4 kwenye kitako cha chupa, mvua za Novemba zikianza maji yatoke yasioze mizoga.

Kuhusu mikono yako: vaa glavu za mpira. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, mwaka 2023 liliweka methili yujenoli kwenye kundi la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa vinasababisha saratani kwa binadamu. Kiasi kilichomo ndani ya mtego hakimfikii mlaji wa embe, lakini anayelowesha pamba kwa vidole vitupu kila mwezi anajiweka hatarini bila sababu. Ukimaliza usiguse nje ya chupa kwa glavu zenye mafuta. Tone moja likibaki nje, nzi watatua nje, watalamba na kuondoka wameshiba, na wewe utashangaa mbona wanazunguka mtego hawaingii. Mafuta yaliyobaki yahifadhi kwenye chupa ya kioo yenye rangi, mahali pa baridi pasipo na mwanga. Methili yujenoli huyeyusha baadhi ya plastiki.

Kwa ekari yako moja ya miembe, tundika mitego 8. Urefu mita 1.5 hadi 2 kutoka ardhini, ndani ya kivuli cha mti lakini isizibwe. Pogoa majani yaliyo karibu na matundu kwa umbali wa sentimita 30. Jua kali likipiga chupa moja kwa moja, kivutio huvukizwa kwa wiki mbili badala ya kudumu wiki 4 hadi 6. Weka mitego mingi zaidi upande upepo unakotokea ili harufu ipite juu ya shamba lote. Anza wiki 6 hadi 8 kabla maembe hayajaanza kugeuka rangi. Mkulima akianza pale anapoona maembe yanadondoka, majike wameshapandwa na mayai yamo kwenye maganda.

Hapa pana jambo ambalo wauzaji wengi wa vivutio hawalisemi. Mtego huu hunasa madume tu. Jike ndiye anayetoboa embe, na yeye haitaki harufu hii. Faida inakuja iwapo madume yatapungua sana kiasi kwamba majike yanakosa wa kuwapanda, maana dume mmoja aliyebaki anaweza kupanda majike mengi. Kwenye kisiwa cha Rota, katika bahari ya Pasifiki, nzi huyu alitokomezwa kabisa mwaka 1965 kwa vipande vya ubao vilivyoloweshwa methili yujenoli na sumu, vikidondoshwa kwa ndege kisiwa kizima. Rota imezungukwa na bahari. Shamba lako limezungukwa na miembe ya watu. Jike aliyepandwa kwa jirani ataruka mita 300 na kutua kwako akiwa tayari kutaga. Kwa hiyo ukitundika peke yako utaona chupa zimejaa mamia ya nzi na maembe bado yana funza, na utasema mtego ni uongo. Zungumza na majirani watano au sita, mnunue kivutio kwa pamoja, mtundike wote wiki ile ile. Hili lina uzito kuliko kuongeza mitego kwenye ekari yako.

Jambo la pili linaloambatana nalo ni maembe yaliyoanguka. Embe moja lenye funza linaweza kutoa nzi kwa makumi. Okota kila baada ya siku 3, yatie kwenye mfuko mweusi wa nailoni, ufunge na uuache juani siku 5 hadi 7. Au yafukie shimo la nusu mita na zaidi. Kuyatupa kwenye lundo la mboji ni kuwafugia nzi. Na ukiwakuta majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani ya mwembe, waache. Huwatisha majike yasitage, na huwala funza wanaotoka. Wakati wa kuchuma wanauma, ni kweli, lakini wanachokulinda kina thamani zaidi.

Kwa majike kuna mtego wa chakula. Jike anahitaji protini ili mayai yakomae, hivyo hufuata harufu ya chachu na amonia. Vidonge vya chachu ya torula, 4 kwa nusu lita ya maji kwenye chupa ile ile, hubadilishwa kila wiki. Hivi huvuta pia Ceratitis cosyra, ambaye methili yujenoli haimgusi kabisa. Utaona mapishi ya hamira na sukari au molasi kila mahali. Kwa mtu mwenye mizinga, usiyatumie. Sukari inayochacha itanasa nyuki wako kuliko nzi, hasa Septemba na Oktoba kabla miti ya miombo haijachanua vizuri na nyuki wana njaa.

Tukija bondeni kwenye matikiti, harufu inabadilika. Nzi wa tikiti anaitwa na kyulua, kemikali iliyo ndugu wa ile inayoyapa matunda ya rasiberi harufu yake na ambayo hupatikana pia kwenye maua ya okidi fulani. Nayo ni ya madume peke yake, na nguvu yake ni ndogo ukilinganisha na methili yujenoli. Tumia mililita 2 kwa mtego, chupa ile ile, na kwa nusu ekari weka mitego 5 au 6. Kivutio hiki hudumu wiki 6 hadi 8. Lakini mahali pa kutundika ni tofauti na kwenye miembe: nzi huyu halali ndani ya matikiti. Mchana wa jua na usiku hupumzika kwenye mimea mirefu ya pembeni, hasa mahindi, na huingia shambani kutaga. Tundika mitego kwenye mistari ya mahindi iliyozunguka shamba, urefu wa mita 1 hadi 1.5, tangu maua ya kwanza yanapoonekana. Kama huna mahindi pembeni, panda mistari miwili wiki 3 kabla ya tikiti.

Nzi wengine wa jamii ya maboga, kama Dacus ciliatus, hawaji vizuri kwenye kyulua. Hivyo kwa matunda machache unayoyalenga sokoni, funika kila tikiti changa kwa gazeti au mfuko wa karatasi ndani ya siku 3 hadi 5 baada ya ua kunyauka. Kazi ni nyingi, lakini kwa nusu ekari inawezekana.

Usichanganye methili yujenoli na kyulua kwenye chupa moja, na usitumie glavu zile zile bila kuziosha. Mitego ya kyulua iliyochafuliwa na methili yujenoli hujaa nzi wa maembe, na hesabu zako zote zinavurugika.

Kwenye nyanya habari ni ngumu zaidi. Nondo wa funza wa vitumba, Helicoverpa armigera, hupenda harufu za maua ya usiku, na kemikali inayojulikana zaidi ni fenilasetaldehidi. Uzuri wake ni kwamba huvuta majike pamoja na madume, tofauti na feromoni, yaani harufu ya nondo jike, ambayo huita madume tu. Australia wametengeneza mchanganyiko wa harufu kama hizi, wakauchanganya na sumu na kupaka mistari michache ya pamba ili nondo waje wenyewe. Kwa mkulima wa nusu ekari, hata hivyo, hatuoni sababu ya kukimbilia huko. Kemikali yenyewe huharibika upesi hewani, inahitaji kichupa cha plastiki kinachoitoa kidogo kidogo, idadi inayonaswa kila usiku si kubwa, na ni ile ile ambayo nyuki nao huifuata. Ukiipata na ukaamua kuijaribu, weka mililita 1 kwenye kichupa cha plastiki chenye kifuniko kilichotobolewa kwa sindano, ndani ya ndoo yenye maji ya sabuni, na uiweke wazi kuanzia saa 1 usiku, kisha uifunike saa 11 alfajiri kabla nyuki hawajatoka. Nondo ni wa usiku, nyuki ni wa mchana. Ratiba hiyo pekee inaokoa nyuki wengi.

Tunalolipendelea kwa nyanya ni mmea wenyewe kufanya kazi ya mtego. Panda marigodi ndefu, ile yenye maua makubwa ya njano au rangi ya chungwa. Njia iliyothibitika India ni mstari 1 wa marigodi kwa kila mistari 16 ya nyanya, na siri yake iko kwenye umri: miche ya marigodi iwe ya siku 45 na ya nyanya siku 25 unapoipandikiza siku moja. Marigodi lazima ichanue pamoja na nyanya. Ukipanda mbegu zote siku moja, marigodi itachelewa na nondo watataga kwenye nyanya kwa sababu hakuna pengine. Jike wa nondo huchagua vitumba vya marigodi. Kila baada ya siku 3 pita ukivichuma vile vyenye mayai au viwavi wadogo na kuvitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Usinyunyizie mstari huo sumu, maana nyuki huutembelea mchana. Tumbaku ikiwa jirani nayo inahusika: nondo huyu huipenda, na shamba la tumbaku ambalo maua hayajakatwa kichwani litaendelea kukuletea nondo hata ukifanya kila kitu sawa.

Kantangaze, yule nondo mdogo wa nyanya, na kiwavijeshi vamizi hawana harufu ya maua inayofaa kwa mtego wa mkulima. Hao wana feromoni zao, tafuta hizo.

Vithiripi, wale wadudu wadogo sana wanaofyonza majani na maua, wakikusumbua kwenye nyanya, hufuata rangi zaidi kuliko harufu. Karatasi ya bluu yenye gundi, sentimita 10 juu ya mimea, itakuonyesha kama wapo. Ila bluu na njano ni rangi nyuki wanazoziona vizuri sana, na gundi haimwachii aliyegusa. Weka 2 au 3 tu za kupima, usizijaze shamba.

Tufike kwa nyuki kikamilifu, kwa sababu mizinga 20 Tabora ni mali na pia ndiyo inayokuzalishia matikiti. Ua la tikiti hufunguka alfajiri na kufunga mchana, na bila nyuki kulitembelea mara nyingi tunda hupinda au hudondoka likiwa changa. Methili yujenoli na kyulua hazivuti nyuki wa asali kiasi cha kukuhofisha, ndiyo maana mitego hii miwili inakufaa. Hatari iko kwenye mafuta ya mchaichai na sitronela. Nyuki vibarua hutoa tumboni harufu ya kuwaita wenzao, na ndani yake mna sitrali na jeranioli. Mchaichai umejaa sitrali hiyo hiyo. Wafugaji wanaosugua mchaichai ndani ya mzinga mpya ili kundi liingie wanatumia kanuni hii. Ukiuweka kwenye mtego wenye sumu, unawaita nyuki wafe kwa harufu ya nyumbani kwao. Mafuta ya sitronela ya Howlett yalivuta nzi kwa sababu ya methili yujenoli kidogo iliyomo, lakini yana jeranioli pia. Nunua methili yujenoli safi, uache mafuta ya jumla.

Chupa zako zisiwe nyeupe, njano wala bluu. Nyuki haioni rangi nyekundu vizuri. Zipake nyekundu au kijani kibichi upande wa nje, ukiacha ukanda wazi wa kuhesabia. Mitego iwe umbali wa mita 50 au zaidi kutoka kwenye mizinga. Wiki ya kwanza kagua kila siku. Ukikuta nyuki 2 au 3 kwenye chupa moja, tafuta kosa: kuna sukari, rangi, au kivutio kilichochanganywa na kitu kingine. Mizoga yenye malathioni fukia, usiwape kuku.

Jihadhari pia na mapishi ya mtandaoni. Mchanganyiko wa trimethoksibenzini, indoli na sinamaldehidi, ambao unatokana na harufu ya maua ya maboga, unasifiwa sana kwa wadudu wa matango. Wadudu hao ni Diabrotica, na wako Amerika. Kivutio cha yujenoli, jeranioli na fenethili propionati nacho ni cha mbawakawa wa Kijapani. Kwako Sikonge vyote viwili havina wa kumnasa, na hicho cha pili kina jeranioli, kitakusanya nyuki.

Hesabu ndiyo itakayokuambia ukweli. Kila wiki gawanya jumla ya nzi kwa idadi ya mitego na kwa idadi ya siku. Mitego 8 ikitoa nzi 1,120 kwa siku 7, ni nzi 20 kwa mtego kwa siku. Andika namba hiyo kwenye daftari pamoja na idadi ya maembe yenye funza kati ya 100 uliyoyapasua siku ile. Usiangalie namba ya mtego peke yake: chupa iliyojaa inaonyesha kwamba kivutio kinafanya kazi, haikuambii kwamba maembe yamepona. Namba ikishuka ghafla wakati majirani hawajafanya chochote, badilisha kivutio kwanza kabla ya kushangilia.

Kivutio ulizia kwenye duka la pembejeo, na sumu yoyote uikague kama imesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania. Lebo lazima iwe na namba ya usajili. Kama nzi waliotoka kwenye ndoo yako hawafanani na yeyote niliyemweleza hapo juu, waweke 10 kwenye spiriti ndani ya kichupa na uwapeleke TARI Tumbi, kituo cha utafiti wa kilimo, pale pale Tabora.

Maembe yakiisha, usishushe mitego yote. Acha 2 karibu na mapera, mikungu au ming'ongo iliyo jirani, na ubadilishe pamba yake kila wiki 6, kwa sababu huko ndiko nzi wanakohamia wakisubiri msimu unaofuata.